Ngozi na Majeraha ya Tishu Laini: Mwongozo Kamili wa Huduma ya Dharura

Jeraha la ngozi humdanganya anayelitazama. Mchubuko mpana uliojaa mchanga na damu baada ya mtu kuanguka na bodaboda humtisha kila aliyepo, lakini mara nyingi hupona kwa kuoshwa vizuri na kufunikwa. Tundu dogo la msumari kwenye unyayo, au mkato wa sentimita mbili karibu na kifundo cha mkono ambao hautoi damu tena, huonekana si kitu, kumbe chini yake mna mfupa uliochafuliwa au kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) iliyokatika. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na matabaka ya ngozi kabla ya kufika kwenye bendeji, kwa kuwa kila uamuzi unaofuata, kuanzia namna ya kuzuia damu hadi kushona au kutoshona, hutegemea jibu la swali moja: jeraha hili limefika wapi? Umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, ingawa hatua mbili za kwanza zinamfaa pia mwananchi anayefika mahali pa ajali kabla ya gari la wagonjwa.

Matabaka ya ngozi na kilichomo chini yake

Ngozi ya mtu mzima ina eneo la takriban mita 1.5 hadi 2 za mraba. Tabaka lake la nje, yaani epidemisi, halina mshipa wa damu hata mmoja. Seli zake huzaliwa chini, husukumwa juu na kupukutika zikiwa zimekufa baada ya takriban wiki nne. Mkwaruzo ulioishia katika tabaka hili hautoi damu na hupona bila kovu.

Chini yake iko demisi, ambayo ndiyo inayoipa ngozi uimara na mnyumbuko wake kwa nyuzi za kolajeni na elastini, na ndimo ilimo mishipa midogo ya damu, miisho ya neva, mashina ya vinyweleo na sehemu kubwa ya tezi za jasho. Matone madogo ya damu yanayochomoza katika uso wa mchubuko ni dalili kwamba demisi imeguswa. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mashina ya vinyweleo na tezi za jasho yamezungukwa na seli za epidemisi zilizozama ndani ya demisi, na seli hizo ndizo zinazoifunika ngozi upya pale tabaka la juu lilipoondoka. Demisi yote ikiangamia, kwa kuungua au kwa kukwanguliwa na lami, mbegu hizo hupotea pamoja nayo, na ngozi mpya haina pa kutokea isipokuwa pembezoni mwa kidonda. Hapo ndipo mgonjwa anapohitaji kupandikizwa ngozi, na kadiri anavyopewa rufaa mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa bora.

Nyuzi za kolajeni zina mielekeo yake katika kila sehemu ya mwili, na mwanaanatomia wa Austria Karl Langer alichapisha ramani ya mielekeo hiyo mwaka 1861. Mkato unaoifuata hubaki umefumba na kuacha kovu jembamba. Unaoikata kwa kukingama huachama, hata ukiwa mfupi. Jeraha lililoachama sana, kwa hiyo, halimaanishi daima kwamba ni la kina.

Baada ya demisi huja tabaka la mafuta, la rangi ya njano, lenye mishipa michache ya damu na kwa hiyo uwezo mdogo wa kupambana na vijidudu. Ukiona vijipunje vya njano ndani ya jeraha, elewa kwamba ngozi yote imepasuka. Chini ya mafuta kuna fashia, utando mgumu mweupe unaong'aa, na ndani yake misuli, kano, neva, mishipa mikubwa na mifupa. Jeraha lililoivuka fashia halihesabiwi tena kuwa jeraha la ngozi, hata kama mlango wake ni mdogo kama punje ya mtama. Unene wa ngozi nao hutofautiana: kope ina takriban nusu milimita, ilhali ngozi ya unyayo hufikia milimita nne hivi, na nguvu ileile iliyochubua unyayo tu ingeweza kulipasua kope lote.

Vitabu vingi vya huduma ya kwanza vilichorwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na maelezo yake ya wekundu, weupe na rangi ya samawati huwapotosha wahudumu wetu. Katika ngozi nyeusi, tafuta weupe wa kuishiwa damu ndani ya kope la chini, kwenye midomo, ulimi na viganja. Uvimbe uliovilia damu na uambukizo unaoanza vitambue kwa mkono: joto, ugumu, ngozi iliyotanuka na kung'aa, na maumivu yanapoguswa. Linganisha na upande wa pili wa mwili.

Hatua ya kwanza: zuia damu

Hakikisha mahali ni salama, kisha vaa glovu. Zikikosekana, mfuko safi wa plastiki utakinga mikono yako. Damu inayoruka, inayotiririka bila kukoma au inayolowesha nguo na ardhi hushughulikiwa kabla ya jambo lingine lolote, hata kabla ya kumhoji mgonjwa. Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 60 ana kama lita 4 tu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa katika dakika chache.

Fungua au kata nguo ili ulione jeraha. Tafuta hasa mahali damu inapotoka, weka gozi (kitambaa chepesi cha hospitali cha kufungia vidonda) au kitambaa safi, na bonyeza kwa nguvu hapohapo kwa viganja viwili, mikono ikiwa imenyooka, kwa dakika 10 bila kuinua kitambaa ili kuchungulia. Kila unapochungulia unaling'oa donge la damu lililoanza kuganda. Kosa la kawaida ni kurundika vitambaa kimoja juu ya kingine hadi vikawa mto mnene unaonyonya damu na kutawanya nguvu ya kubonyeza. Damu ikipenya, ondoa vitambaa vilivyolowa, tafuta tena chanzo chake na ubonyeze upya.

Jeraha la kina kwenye kinena, kwapa au bega halizuiliki kwa kubonyeza juu juu, wala halina mahali pa kufunga tonikweti, yaani mkanda wa kukaza unaozuia damu kupita kwenye mkono au mguu. Lijaze kwa gozi: ingiza ncha ya gozi kwa kidole hadi chini kabisa, penye mshipa unaovuja, endelea kushindilia mpaka tundu lijae, kisha bonyeza juu yake. Usishindilie hivyo kifuani wala tumboni, kwa kuwa mle mna uwazi usiojaa.

Damu ya mkono au mguu isiyozuilika kwa kubonyeza hufungiwa tonikweti, sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha na kamwe si juu ya kiwiko au goti. Isipokuwapo ya kiwandani, tumia kitambaa imara chenye upana usiopungua sentimita 4 pamoja na kijiti cha kuzungushia. Waya, uzi na kamba nyembamba hukata ngozi na neva bila kuziba ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Kaza mpaka damu ikome. Tonikweti iliyolegea ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwani huzuia damu kurudi kupitia vena huku ateri ikiendelea kusukuma nyingine. Andika saa uliyoifunga kwenye paji la uso la mgonjwa au kwenye tonikweti yenyewe, na usiilegeze njiani. Kwa kawaida kiungo huvumilia muda wa saa mbili bila madhara ya kudumu.

Mlaze mgonjwa na umfunike kwa blanketi au kanga, maana mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu. Mapigo ya moyo yaendayo kasi, ngozi ya baridi yenye jasho, mkanganyiko, na ukucha ambao baada ya kubonyezwa hukawia zaidi ya sekunde 2 kurudisha rangi yake ni dalili za mshtuko wa kupoteza damu. Katika kituo chenye dawa, mtu mzima mwenye dalili hizo apewe asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia donge la damu kuyeyuka, gramu 1 kwenye vena kwa dakika 10, ndani ya saa tatu tangu kuumia, na kisha gramu nyingine 1 kwa muda wa saa nane. Utafiti wa CRASH-2 uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza vifo, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba ikicheleweshwa kupita saa tatu inaweza kudhuru.

Hatua ya pili: majeraha yasiyochokonolewa

Kisu, nondo au kipande cha mti kilichokwama mwilini hakichomolewi mahali pa ajali, kwa sababu huenda ndicho kinachoziba mshipa kilioukata. Kizungushie vitambaa vilivyokunjwa ili kisitikisike na umpeleke mgonjwa nacho hospitali. Utumbo uliotoka nje haurudishwi ndani. Ufunike kwa gozi au kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, na juu yake weka plastiki ili usikauke. Jeraha la shingo hufunikwa mara moja kwa kitu kisichopitisha hewa, kwa kuwa vena za shingo zilizokatika huweza kufyonza hewa hadi kwenye moyo.

Kidole au kiungo kilichokatika kabisa kisafishwe uchafu mkubwa kwa maji, kifungwe ndani ya gozi yenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kikigusana na barafu moja kwa moja, tishu zake huganda na kufa.

Hatua ya tatu: pima kina chake

Damu ikishatulia, uliza jeraha limesababishwa na nini, lini, na mkono ulikuwa umekaaje wakati huo. Swali hili la mwisho husahaulika, na bado ndilo linaloonyesha mahali pa kutafuta kano iliyokatika: aliyekatwa na panga akiwa amekunja ngumi, kano yake ikikatika, mahali ilipokatika patasogea mbali na mpasuko wa ngozi mara anapokunjua vidole, na wewe utakayechungulia mkono ukiwa umenyooka utaona kano nzima.

Pima hisia kabla ya kuchoma ganzi, kwa sababu baada ya hapo huwezi kujua kama ganzi inatokana na sindano au na neva iliyokatika. Gusa kila upande wa kila kidole kwa ncha ya pamba na umwulize mgonjwa kama anahisi sawa pande zote mbili. Kisha mtake akunje na kukunjua kila kiungio cha kidole peke yake huku ukikizuia kidogo: kidole kinachokunjika lakini kinauma na kukosa nguvu kinapozuiwa huenda kina kano iliyokatika nusu, ambayo itamalizika siku chache baadaye mgonjwa akiwa nyumbani. Gusa mapigo na angalia kucha chini ya jeraha. Vipande vingi vya kioo huonekana kwenye picha ya eksirei. Vya mti havionekani.

Yapo majeraha matatu ambayo hunyamaza mwanzoni, na ambayo mhudumu mwenye haraka huyaruhusu kurudi nyumbani. La kwanza ni mkato mdogo juu ya kifundo cha kidole cha mtu aliyempiga mwenzake ngumi mdomoni. Meno hupenya hadi ndani ya kiungio, na vijidudu vya kinywa huweza kukiharibu kwa siku chache. Mgonjwa mara nyingi atasema amejikata na bati, kwa hiyo kila jeraha la mahali hapo lichukuliwe kuwa la jino mpaka lithibitike vinginevyo. La pili humpata fundi wa gereji anayetumia pampu ya grisi au ya rangi yenye shinikizo kubwa: tundu kama la sindano kwenye ncha ya kidole, maumivu kidogo, na ndani grisi imekwisha kusambaa kufuata kano hadi kiganjani. Huyo anahitaji upasuaji siku hiyohiyo. La tatu ni mguu uliopitiwa na tairi, ambapo ngozi huonekana nzima ilhali imebanduka kutoka kwenye fashia na mishipa iliyokuwa ikiilisha imekatika. Ukiigusa husogea kwa namna isiyo ya kawaida, na baada ya siku kadhaa huanza kufa.

Pale ngozi isipopasuka

Damu iliyovilia chini ya ngozi kwa kawaida huhitaji mapumziko, bendeji isiyobana sana, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 20 kila baada ya saa chache. Desturi ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu siku ileile ya ajali inafaa kuachwa, kwa sababu joto hupanua mishipa inayovuja na uvimbe huongezeka.

Hatari kubwa iko chini zaidi. Fashia haitanuki, na misuli iliyopondeka au inayovujiwa damu ndani yake huvimba mpaka ikaibana mishipa yake yenyewe. Maumivu yanayozidi ukubwa wa jeraha, yasiyotulizwa na dawa na yanayoongezeka unapokunjua vidole vya mgonjwa wewe mwenyewe, ndiyo dalili ya mapema. Usingoje mapigo yapotee, kwani hayo hupotea mwishoni kabisa, na misuli iliyokosa damu kwa takriban saa sita huanza kufa bila kurudi. Ondoa bendeji na plasta zote zinazobana, weka kiungo usawa wa moyo na si juu zaidi, na mpeleke mgonjwa kwa daktari wa upasuaji.

Aliyefukiwa na kifusi kwa saa nyingi, kama watu walivyofukiwa jengo lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 2024, ana hatari nyingine: anapookolewa, potasiamu na protini zilizovuja kutoka kwenye misuli iliyopondeka huingia kwenye damu, na moyo unaweza kusimama au figo kushindwa. Panapowezekana, dripu ya maji ya chumvi ianze kabla uzito haujaondolewa. Potasiamu isiongezwe kwenye dripu hiyo.

Hatua ya nne: osha

Hakuna dawa inayoshinda maji mengi. Kwa jeraha la kawaida, maji ya bomba yanayofaa kunywewa hayajaonekana kuwa duni kuliko maji ya chumvi ya hospitali. Pasipo na bomba salama, chemsha maji na uyaache yapoe. Kadiria mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya urefu wa jeraha, na zaidi likiwa chafu. Maji yarushwe kwa nguvu ya wastani kwa bomba la sindano la mililita 20 au 50, kwani kuyamwaga taratibu hakung'oi vijidudu vilivyoshika. Mahali pasipo na vifaa, chupa safi ya plastiki iliyotobolewa tundu kwenye kifuniko hufanya kazi hiyohiyo inapominywa.

Spiriti, hidrojeni peroksaidi na ayodini kali zisimiminwe ndani ya jeraha, kwa kuwa huua pia seli zinazotakiwa kuliponya. Ayodini itumike kusafishia ngozi inayolizunguka. Mchanga wa lami uliobaki kwenye demisi huacha alama nyeusi ya kudumu, kwa hiyo usugue kwa brashi laini baada ya ganzi. Kipimo cha juu cha lignokeini (dawa ya ganzi) isiyo na adrenalini ni miligramu 3 kwa kilo: mtu wa kilo 60 asizidishiwe mililita 18 za dawa ya asilimia 1, au mililita 9 tu ikiwa chupa ni ya asilimia 2. Kisha ondoa tishu zilizokufa. Msuli ulio hai hutoa damu unapokatwa na hujikunja unapobanwa.

Hatua ya tano: kushona au kuacha wazi

Wagonjwa wengi huamini kwamba jeraha lisiloshonwa limepuuzwa, na mhudumu hushona ili kuwaridhisha. Kufunga uchafu ndani ndiko kunakoleta usaha. Mkato safi, uliooshwa vizuri, usiozidi saa 6 hadi 12, unaweza kushonwa. Uso na ngozi ya kichwa, kwa wingi wa damu yake, huruhusu hadi saa 24. Jeraha la shambani lenye udongo na samadi, lililopondeka, lililochelewa au la kuumwa lijazwe gozi yenye unyevu, lifunikwe, likaguliwe baada ya saa 48, na likiwa safi lishonwe kati ya siku ya tatu na ya tano. Matundu ya msumari yasishonwe kabisa.

Antibiotiki hazihitajiki kwa mkato safi. Zinahitajika kwa mfupa uliovunjika na kutokeza au kuwasiliana na jeraha, ikiwezekana ndani ya saa moja, na kwa majeraha ya meno ya binadamu na ya paka, ambapo amoksilini yenye klavulaneti ndiyo chaguo la kwanza.

Pepopunda na kichaa cha mbwa

Uliza kila majeruhi kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyekamilisha chanjo huhitaji nyongeza ikiwa imepita miaka 10 kwa jeraha dogo safi, au miaka 5 kwa jeraha chafu. Ambaye hakufikisha dozi tatu, au hajui, apewe chanjo, na kwa jeraha chafu aongezewe imunoglobulini (kingamwili zilizo tayari) uniti 250 mahali pengine pa mwili. Wanaume watu wazima waangaliwe zaidi, kwa sababu katika nchi zetu nyongeza zimekuwa zikitolewa hasa kwa wajawazito.

Jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama mgonjwa alichelewa kufika, na chanjo ianze siku hiyohiyo. Katika ratiba fupi ya Shirika la Afya Duniani, sindano za ndani ya ngozi hutolewa sehemu mbili siku ya 0, ya 3 na ya 7. Jino likiwa limetoboa ngozi ya mtu ambaye hajawahi kuchanjwa, imunoglobulini ya kichaa cha mbwa huchomwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe.

Kumbukumbu na ufuatiliaji

Andika urefu, kina na mahali pa jeraha, na ueleze kingo zake. Kingo zilizonyooka hutokana na kitu chenye makali. Zilizochanika, zenye nyuzi za tishu zilizobaki zikivuka katikati, hutokana na kitu butu kilichopasua ngozi juu ya mfupa. Mahakamani tofauti hiyo hutenganisha panga na rungu, na anayejaza fomu ya polisi ya majeraha, PF3 nchini Tanzania au P3 nchini Kenya, bila kuitaja humnyima mgonjwa haki yake. Fomu yenyewe isitangulie matibabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Mwambie mgonjwa arudi baada ya saa 48, au mapema zaidi akiona maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, usaha, homa, au uvimbe unaopanda kuelekea kinena au kwapa. Maumivu makali mno kwenye ngozi inayoonekana karibu ya kawaida, pamoja na homa, huweza kuwa uambukizo unaokimbia juu ya fashia, na huyo anahitaji upasuaji usiku huohuo. Nyuzi za uso hutolewa siku ya 5, za kichwa na kiwiliwili kati ya siku ya 7 na ya 10, za mikono na miguu kati ya siku ya 10 na ya 14. Kovu la wiki tatu lina takriban asilimia 20 tu ya uimara wa ngozi ya awali, na hata likikomaa halizidi asilimia 80, kwa hiyo anayebeba mizigo au kulima asirejee kazi nzito siku nyuzi zinapotolewa. Aliyewahi kuota keloidi (kovu nene linalokua kupita mipaka ya jeraha), hasa kwenye ndewe la sikio, kifua au bega, aonwe tena baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa sindano za steroidi kwenye kovu hufanya kazi vizuri zaidi likiwa bado changa.